Mboga changa zina faida, lakini vidonge vya damu usiviache

Siku moja ya soko hapa Rodi Kopany, pale ambapo barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay inaachana na ile ya kuelekea Ndhiwa, aliingia chumbani mwangu mama kijana mwenye mimba ya miezi sita. Alikuwa amerudi kutoka Nairobi ili ajifungulie kwa wakwe. Viganja vyake vilikuwa vimefifia rangi, na alihema kana kwamba ametoka kisimani na mtungi kichwani, ilhali alikuwa ametembea kutoka kwenye benchi la nje tu. Kipimo kilionyesha himoglobini ya gramu 8.2 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mama mjamzito amepungukiwa na damu pindi kipimo kinaposhuka chini ya gramu 11, au chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya kati ya mimba.

Nilimwuliza kuhusu vidonge vya chuma anavyopewa kliniki. Alinyamaza kidogo, kisha mama mkwe wake, aliyeketi karibu naye, akamjibia: "Daktari, huyu alivitupa. Anasema vinamfunga tumbo."

Binti akafungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na majani madogo mno, mengine ya kijani na mengine ya zambarau, marefu kama kidole. "Dada yangu wa Buruburu huyaotesha kwenye trei," akasema. "Hunitumia kwa matatu. Ameambiwa yana nguvu mara arobaini kuliko mboga ya kawaida, na kwamba yanaongeza damu kuliko vidonge."

Mama mkwe alicheka. Kwake yeye, mboga ni osuga iliyochemshwa mpaka ikatii.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu maswali ya namna hiyo yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa watu wa mijini. Dada yule wa Buruburu hakukosea kila kitu. Lakini pale alipokosea, alikuwa anahatarisha maisha mawili.

Ni mboga gani hizi?

Mboga changa ni mche wa mboga ya kawaida uliokatwa mapema, aghalabu kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya mbegu kuota, wakati yale majani mawili ya kwanza yamefunguka na majani ya kweli yanaanza tu kuchungulia. Hazipaswi kuchanganywa na mbegu zilizooteshwa majini, kama vile ndengu ambazo huliwa pamoja na mzizi wake. Mboga changa hukatwa juu ya udongo kwa mkasi, na mzizi huachwa.

Wapo wanaodhani kwamba huu ni uvumbuzi wa hoteli kubwa. Kupamba sahani kwa vijani hivi ni mtindo wa hotelini, nakubali. Lakini kula mche mchanga si jambo geni kwetu. Mama aliyepanda mchicha au kunde kwa kutawanya mbegu hulazimika kupunguza miche inapobanana. Ile anayoing'oa haitupi. Huikata mizizi, akaiosha, na jioni hiyo ikawa chunguni. Tofauti ni kwamba yeye husubiri wiki tatu hivi, naye mtu wa trei hasubiri zaidi ya mbili.

Sasa, zile "mara arobaini" zimetoka wapi? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima aina 25 za mboga changa. Waliona kwamba nyingi zilikuwa na vitamini nyingi kuliko mboga zile zile zilizokomaa. Kabichi nyekundu changa, kwa mfano, ilikuwa na takriban miligramu 147 za vitamini C katika kila gramu 100, ilhali kabichi nyekundu iliyofunga ina kama miligramu 57. Mchicha mwekundu mchanga uliongoza kwa vitamini K. Tofauti kubwa mno zilihusu vitamini moja moja katika aina moja moja ya mboga. Magazeti na wafanyabiashara wakachukua ile namba kubwa kuliko zote na kuivisha mboga zote.

Hapo ndipo ninapomwomba msomaji atumie mizani ya jikoni. Nani anakula gramu 100 za majani haya? Huo ni mfuko mzima wa dada yule. Konzi nzuri ni kama gramu 20. Gramu 20 za kabichi nyekundu changa zitakupa miligramu 29 hivi za vitamini C, na mtu mzima huhitaji kama 45 kwa siku. Si haba! Lakini tukija kwenye chuma, hesabu inageuka kabisa. Konzi hiyo hiyo haifikishi hata miligramu moja ya chuma. Kidonge kimoja cha kliniki kina miligramu 60 za chuma, pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Mwenye himoglobini ya 8.2 hawezi kungoja majani.

Kwa hiyo nilimwambia binti yule arudie vidonge siku hiyo hiyo. Avimeze usiku baada ya kula kidogo, asivimeze kwa chai wala maziwa, anywe maji mengi na ale matunda ili tumbo lisifunge. Choo kikiwa cheusi asitishike. Ni chuma tu. Tulipima na malaria pia, maana katika ukanda huu wa ziwa huwezi kuzungumzia damu bila kuuliza malaria, minyoo na ugonjwa wa seli mundu. Upungufu wa damu mara nyingi una sababu zaidi ya moja, na chakula ni mojawapo tu.

Vitamini hupotelea jikoni

Baada ya hapo nikamgeukia mama mkwe, kwa heshima, nikamwuliza anavyopika osuga. Alinieleza kama anavyomweleza mtoto. Huchambua, huosha, huchemsha kwa magadi, humwaga maji, huchemsha tena, humwaga, kisha huyaacha yaive polepole na maziwa. Kesho yake hupashwa moto tena, na hapo ndipo ladha hukolea.

Kwa ladha, mama huyo hana mpinzani. Nami nimelelewa kwa chungu kama hicho. Lakini vitamini C na asidi ya foliki huyeyuka majini na huharibiwa na moto. Ukimwaga maji ya kwanza umezimwaga kwa wingi, na ukimwaga ya pili hubakiwi na nyingi za kuzungumzia. Magadi huifanya mboga ilainike haraka na kubaki na rangi ya kijani, lakini huharakisha kuharibika kwa vitamini C na ile ya B1. Isitoshe, magadi yana sodiamu nyingi, jambo ambalo mgonjwa wa shinikizo la damu hapaswi kulipuuza hata kama amekwisha kuacha chumvi ya mezani.

Lakini tusiwe wepesi wa kuwacheka wazee. Walikuwa na sababu. Osuga, ambayo kwa Kiswahili ni mnavu na sokoni Nairobi huitwa managu, ni ya jamii moja na viazi na nyanya, na ina uchungu ambao kuchemsha hupunguza. Tunda lake bichi la kijani lina sumu na halipaswi kuwamo katika mboga. Dek, yaani mgagani, nayo ni chungu, na maziwa hutuliza uchungu huo. Mafuta ya maziwa, au ya samli, yana kazi nyingine: rangi ya manjano iliyojificha ndani ya majani ya kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haifyonzwi vizuri bila mafuta. Bibi aliyetia samli juu ya mboga hakusoma kitabu, ila mtoto wake alifaidika machoni na ngozini. Maziwa hupunguza kidogo ufyonzaji wa chuma, ni kweli, lakini sitamnyang'anya mtu maziwa kwa sababu hiyo.

Njia ya kati ipo. Chemsha mnavu mara moja, kwa maji kidogo, chungu kikiwa kimefunikwa, kwa dakika chache. Kama ni lazima umwage maji, mwaga hayo ya kwanza tu. Acha magadi. Changanya mboga chungu na zisizo chungu kama mchicha, kunde au majani ya maboga. Akina mama wa huku hufanya hivyo kila siku, kwa hiyo simfundishi mtu. Kisha, mboga ikishaepuliwa, ndipo ile konzi ya mboga changa ina nafasi yake: itupe juu ya sufuria yenye moto, ifunike dakika moja, upakue. Mboga iliyokomaa inakupa wingi, chuma na kalsiamu; ile changa inarudisha vitamini C ambayo moto umeila. Na vitamini C hiyo ndiyo inayousaidia mwili kufyonza chuma cha mboga ndani ya mlo huo huo. Ukiongeza omena pembeni, samaki naye husaidia chuma hicho kupita. Chai ya rangi ingoje saa moja baada ya kula, maana hukishika chuma kikapita bila kufyonzwa.

Kabla ya kuacha hapa, neno kuhusu kabichi. Wengi mijini wamehamia kabichi kwa sababu inajaza sahani na haina kazi ya kuchambua. Kwa mujibu wa majedwali ya chakula ya Marekani, gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina miligramu 215 za kalsiamu na 2.3 za chuma. Kabichi ya kawaida ina miligramu 40 za kalsiamu na haifikishi hata nusu miligramu ya chuma. Mchicha una oksalati ambazo huzuia sehemu ya kalsiamu hiyo, lakini hata hivyo hauko daraja moja na kabichi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, aliyetunukiwa tuzo ya Kwame Nkrumah ya Umoja wa Afrika mwaka 2010, ametumia miaka mingi kuwaambia Wakenya jambo hilo, tangu siku ambazo mboga hizi zilionekana kuwa magugu na chakula cha maskini. Leo zinauzwa kwenye supamaketi, zimefungwa vizuri, kwa bei ambayo ingemshangaza nyanya yangu.

Ukitaka kuotesha nyumbani

Sina ubishi na dada wa Buruburu kwa kuotesha. Kwa mtu wa ghorofa, asiye na hata futi moja ya shamba, ni jambo jema. Hata huku kwetu, miezi ya Januari na Februari udongo mweusi unapopasuka na mboga kuadimika, karai moja kivulini huhitaji maji kidogo kuliko bustani.

Tafuta trei au karai pana na ulitoboe matundu. Tia udongo safi uliochanganywa na mboji iliyooza sawasawa, kina cha vidole viwili. Usitumie samadi mbichi hata kidogo. Tawanya mbegu kwa wingi zikaribie kugusana, zibonyeze, nyunyiza maji safi, kisha funika kwa trei nyingine siku mbili au tatu. Zikiota, weka dirishani penye mwanga. Nyunyiza kidogo asubuhi na jioni. Udongo ukilowa mno, ukungu mweupe huingia na kazi yote huharibika. Sukuma wiki, figili na kabichi huwa tayari kwa siku kumi hivi. Mchicha huchelewa kidogo, na dania huchukua hata wiki tatu. Kata asubuhi, ule siku hiyo hiyo. Ukiwa na friji, zitakaa siku chache zikiwa kavu.

Sasa soma hapa taratibu. Mbegu nyingi za madukani zimepakwa dawa ya kuua ukungu na wadudu, na ndiyo maana zina rangi ya waridi, buluu au kijani kikali. Mbegu hizo ni za kupanda shambani, ambako mmea utakua kwa miezi na dawa kuisha. Mche wa siku kumi bado unabeba dawa hiyo, na pengine ganda la mbegu limeng'ang'ania jani. Nunua mbegu isiyopakwa kitu, au tumia uliyovuna mwenyewe. Muulize mwenye duka, na akisitasita, iache.

La pili ni kwamba si kila mche unalika. Mtama mchanga una kemikali inayogeuka kuwa sumu ya sayanidi. Wafugaji wa Nyanza wanajua ng'ombe wanavyoanguka wakiingia katika mtama uliochipuka. Kimea cha mtama ambacho bibi zetu hukianika na kukisaga ni kitu kingine, lakini majani yake mabichi usiyakate kwa saladi. Miche ya nyanya na ya viazi ina sumu. Maharagwe mekundu yaliyooteshwa yakaliwa mabichi hutapisha na kuharisha vikali. Mnavu mchanga nao upike, usiule mbichi.

La tatu ni uchafu. Mwaka 2011 huko Ujerumani, mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi zilisambaza vijidudu vya E. coli vya aina kali. Watu wapatao 4,000 waliugua, na zaidi ya 50 wakafa, wengi wao baada ya figo kushindwa kufanya kazi. Hizo zilikuwa mbegu za kuoteshwa kwa unyevu na joto, mazingira ambayo vijidudu hupenda kuliko trei yenye hewa, lakini maji machafu hayachagui. Kama maji yako ni ya kisima kisichofunikwa au ya muuzaji wa mkokoteni, nyunyizia miche maji yaliyochemshwa yakapoa. Osha majani kwa maji safi kabla ya kula. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu, wakiwemo watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao kinga yao haijapanda, wasile mboga changa mbichi. Wazipashe kwa mvuke kwanza. Vitamini C itapungua kiasi, nayo hasara hiyo ni ndogo kuliko ya kuhara damu.

Mezani

Kwa wasio katika makundi hayo, matumizi ni mengi na hayahitaji kitabu cha mapishi. Figili changa ina ukali kidogo na huichangamsha kachumbari. Sukuma changa huingia vizuri ndani ya mayai ya kukaanga, dakika ya mwisho kabla hujakunja. Juu ya parachichi na mkate asubuhi, pamoja na matone ya ndimu, ni kifungua kinywa kizuri kuliko mandazi mawili, ingawa najua ni wachache watakaonisikiliza hapo. Katika maharagwe au ndengu, zitie sufuria ikishashuka. Mtoto wa miezi sita na zaidi anaweza kupondewa mchicha mchanga ulioiva pamoja na viazi, njugu zilizosagwa na unga wa omena. Njugu zinaleta mafuta, omena inaleta chuma na kalsiamu, na mchicha mchanga hauna nyuzi za kumkaba.

Kwa jumla ya siku, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu mzima. Konzi ya gramu 20 ni sehemu moja ya ishirini ya hizo. Zilizobaki zitoke sokoni, kwa yule mama mwenye gunia la kunde na dek.

Wapo wawili ambao nawataka waonane na daktari wao kabla ya kuanza. Wa kwanza ni anayemeza dawa ya warfarini ya kuzuia damu kuganda, wakiwemo wengi waliobadilishiwa vali za moyo. Vitamini K iliyojaa ndani ya majani haya, hasa mchicha mchanga, hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Hakatazwi mboga, anachotakiwa ni kula kiasi kile kile kila wiki na kupimwa damu, badala ya kuanza ghafla konzi mbili kwa siku. Wa pili ni mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu. Huyo, kule kuchemsha na kumwaga maji ninakokupinga kwa wengine ndiko kunakomfaa.

Binti yule alirudi wiki nne baadaye na himoglobini ya gramu 9.9. Sifa nyingi nimevipa vidonge na dawa ya malaria. Mfuko wa Buruburu ulikuwa bado unafika kwa matatu, na mama mkwe ndiye aliyekuwa akiupokea stendi. Aliniambia ameujaribu juu ya apoth, na kwamba si mbaya, ila mbegu aotesheje mwenyewe? Nilimpa maelezo hayo hayo niliyokupa wewe, nikarudia lile la mbegu zenye rangi mara mbili.